Sungura Aliyenyimwa Kuaga

Fundi makochi alikuwa mtu wa maneno mengi kazini. Mteja akileta kiti kilichobonyea, atamwambia, "Hiki hakijachoka, umekikalia tu bila huruma," na wote watacheka. Ila nyumbani alikuwa na sentensi moja iliyomkwama kooni tangu mkewe afariki hospitalini: hakuwahi kumwambia binti yao kwamba mama amekufa. Siku ya mazishi mtoto alipelekwa kwa shangazi yake, akanunuliwa gauni jipya, akaambiwa mama amesafiri kutibiwa mbali. Ulikuwa uongo wa huruma, na uongo wa namna hiyo hutaka kulishwa kila siku.

Binti huyo walimwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda kuongea. Karakana ilikuwa mbele ya nyumba, na kila gari la mzigo liliposimama langoni kushusha makochi, Chiriku aliacha alichokuwa akifanya akakimbia nje kuona nani anashuka. Kisha alirudi polepole. Baba yake alijitia kupima kitambaa. Alifika mahali akayachukia magari, nayo ndiyo yaliyomletea riziki.

Walikuwa na sungura wawili, Pamba na Tajiri, waliofugwa na mama mwenyewe. Tajiri alipokutwa amekufa, Chiriku alikuwa shuleni. Fundi hakujiuliza mara mbili: alimviringisha kwenye kipande cha turubai, akamzika nyuma ya ukuta, akafagia banda. Mtoto aliporudi aliambiwa Tajiri yuko kwa daktari wa wanyama. Ulimi ulishaizoea njia hiyo.

Tangu hapo Pamba alisusa chakula. Alizunguka banda akikwaruza pembe zote, kisha akajilaza kando ya gunia alilokuwa akilalia mwenzake, mbavu zikaanza kumtoka. Chiriku naye mezani alidonoa tu, akasukuma sahani. Kila aliyeulizwa alisema sungura hamudu upweke, atafutiwe mwenzake. Basi, Chiriku akiambiwa ni wa kumliwaza Pamba hadi Tajiri arudi, baba na mwana wakaenda kwa mama mmoja aliyekuwa akipokea sungura waliotupwa.

Alikuwa nesi mstaafu, nyumba yake inanuka majani makavu hadi sebuleni. Aliwaonyesha sungura wa kijivu mwenye sikio lililochanika, aliyeokotwa ndani ya boksi kando ya jalala.

"Ni dume, lakini ameshahasiwa," alisema. "Hatakuleteeni ukoo mzima."

Chiriku alipiga magoti akampa kidole, sungura akakinusa.

"Huyo wa nyumbani, mwenzake alikufa lini?" nesi akamuuliza fundi.

Fundi akamtupia jicho binti yake. Angesema nini? Kumdanganya mtoto alishazoea, lakini hapa jibu la uongo lingemponza Pamba. "Kabla ya mvua kuanza," akasema.

Chiriku hakugeuka. Kidole chake tu ndicho kilichotulia.

"Na yeye alimwona akiwa amekufa?"

"Hapana, mama. Nilimwondoa haraka. Sikutaka ateseke."

"Hapo ulikosea, mwanangu," nesi akasema bila ukali. "Sungura akifiwa tunamwachia mwenzake palepale. Atamnusa, atamlamba, atalala naye kidogo. Wala humharakishi. Akitosheka ataondoka mwenyewe, halafu atakula. Asiyeona hubaki anatafuta. Huyu mgeni, yule wa nyumbani atamwona amekuja kuchukua nafasi ya mtu."

Aliwaelekeza waweke mabanda mawili karibu, waya katikati, na wawabadilishie matandiko mpaka kila mmoja aizoee harufu ya mwenzake. Fundi aliitikia huku akisikia nusu tu.

Njiani Chiriku, asiyeishiwa maneno, alikumbatia boksi akanyamaza. Fundi alitamani ampigie kelele, hata amwite mwongo. Kimya kile kilimtisha kuliko kilio.

Karakanani waliweka banda la mgeni kando ya lile la zamani. Pamba alisimamisha masikio, akanusa, akapiga mguu chini kwa nguvu. Kisha akarudi kwenye gunia akalilalia, na mgeni akajikunyata upande wake.

"Anamngoja Tajiri," Chiriku akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Mbona hukumwonyesha?"

"Angeelewa nini? Ni sungura tu."

"Mimi si sungura, baba."

Nje gari likasimama langoni, dereva akapiga honi. Fundi alimtazama binti yake, akisubiri akurupuke kama kawaida. Chiriku hakutikisika. Alikuwa amemkazia macho baba yake.

"Mama naye amekufa?"

Fundi alishika ukingo wa meza ya kukatia. Honi ikalia tena, asiijali.

"Amekufa, mwanangu. Alifia hospitalini. Tulimzika wewe ukiwa kwa shangazi." Akalia mbele ya mtoto bila kuficha uso, maana aliona aibu, na aibu ile alistahili.

"Siku ya gauni?"

"Siku ya gauni."

"Siku ile nilicheza," Chiriku akasema. "Nilicheza mpaka jioni." Hapo ndipo sauti ilipomkatika. Baba yake alimbeba, ingawa alikuwa mzito, wakakaa kwenye kochi la mteja ambalo halikuwa na kitambaa bado.

Kesho yake karakana haikufunguliwa. Shangazi alipiga simu kusema mtoto bado mdogo, makaburini atafuata nini? Fundi alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima, akamwambia, "Anakwenda kumuaga mama yake, dada," akakata.

Makaburini alimwonyesha binti yake kaburi la mama. Chiriku alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo, akakinusa, akakirudisha. Alimsimulia mama yake habari za shule, za Tajiri, za mgeni mwenye sikio bovu, kwa sauti ndogo. Halafu akalala kifudifudi, gauni likajaa udongo. Jua lilipanda. Mara kadhaa fundi alifungua mdomo aseme inatosha, jua kali, utaumwa kichwa. Kila mara aliufunga. Mwishowe alikaa chini naye, mgongo umelowa jasho, akangoja.

Chiriku aliinuka mwenyewe. Alijipangusa magoti, akamshika baba yake mkono.

"Twende, baba," akasema. "Nina njaa."