Mgomba wa Bramwel

Mwili wa kaka yangu Bramwel haukutoka shimoni. Ukuta wa shimo la dhahabu ulimwangukia akichimba, wenzake wakafukua mpaka wakakata tamaa, kampuni ikafunga lango. Lilipofunguliwa tena, ilikuwa kwa ajili ya kuligeuza shimo kuwa ziwa la starehe. Maji ya mto yalikuwa yameanza kuingizwa, mekundu kule chini.

Kwetu, asiyepatikana huzikwa kwa mgomba. Shina huvishwa nguo zake na kuliliwa kama yeye. Baba zangu wadogo walitaka tulizike nyumbani.

“Mwanangu hayuko nyumbani,” mama alikataa. “Yuko kule, na maji hayatamfunika kabla sijamzika.”

Asubuhi tulilivisha shina jezi ya Bramwel ya timu yake ya mpira, Ingwe, tukalipakia kwenye bodaboda, likakaa kati yetu.

“Huyu wa katikati mbona hana kofia?” dereva akatania.

“Endesha,” mama akamwambia.

Ukingoni mwa shimo tulikuta vigingi vya gati la mashua. Mama akachagua katikati yake, nikaanza kuchimba. Msimamizi, Osiako, akaja mbio na buti zake za mpira.

“Mama, hapa mashua zitaegeshwa.”

“Ndiyo maana nimepapenda.”

“Lakini hicho ni kigogo cha ndizi.”

“Wewe ni mtoto wa hapa, Osiako. Mjomba wako aliyechukuliwa na mto Nzoia, mlimzikaje?”

Osiako akatazama buti zake. “Hayo ni ya nyumbani. Hapa ni kazini.”

“Bramwel naye alikuwa kazini.”

Nilifukia. Mama akasimika msalaba wenye jina, akaketi kando yake. Osiako akamwita Khisa, dereva wa tingatinga, aje asawazishe. Khisa alipoona tuta na msalaba, akazima injini, akavua kofia.

“Sawazisha, bwana.”

“Kaburi sigusi, bosi. Nina watoto.”

“Si kaburi.”

“Basi panda wewe. Funguo ndizo hizi.”

Osiako alizitazama zile funguo. Mikono yake ilibaki mfukoni.

“Mtafanya wageni waogope maji,” akamwambia mama.

“Waogope kidogo. Wakiogopa watauliza huyu ni nani, na mtawajibu.”

Kisha akainuka, akang'oa vigingi kimoja kimoja, akamnyooshea Osiako.

“Gati lako lipeleke upande ule.”

Akavipokea.