Kiraka cha Mgongoni

Ilikuwa wiki ya kwanza ya msimu wa bata mwitu. Mvua zilikuwa zimeyafunika mashamba ya mpunga hadi magotini, na fundi cherehani aliyavuka polepole nyuma ya shemeji yake, bunduki ya marehemu mumewe ikiwa begani. Jua lilikuwa bado.

"Shemeji, leo usije ukawachukua bata vipimo," shemeji alitania.

Hakucheka. Walitandaza bata wa plastiki wa chambo majini, wakaingia kwenye kibanda cha mabua cha kujifichia, wakakaa kwa kubanana. Kulipopambazuka kidogo, shemeji alimtupia jicho, utani ukamkauka mdomoni.

"Koti hilo umelitoa wapi?"

"Stoo kwa baba mkwe. Nyuma ya magunia."

Mumewe alifia humo humo kibandani, mwaka uliopita. Shemeji, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeleta habari: kaka kateleza akiingia, bunduki yake imefyatuka, imempata kifuani. Walimzika kesho yake. Mjane alikatazwa kumwona, eti ataumia bure, naye akameza. Mpaka juzi alipolikuta koti lile alilolivaa mumewe siku ile. Kifuani lilikuwa zima. Tundu lilikuwa mgongoni, pana kama kiganja. Alikaa nalo kwenye cherehani mchana kutwa, akalitia kiraka; leo alikuwa amelivaa.

Mabawa yakavuma. Kundi lilikuja chinichini juu ya maji.

"Hao! Simama upige," shemeji alinong'ona. "Mimi nitafuatia."

Kusimama kulikuwa ni kumpa shemeji mgongo.

"Anza wewe," alisema, na mtutu uliokuwa mapajani mwake ukamgeukia shemeji.

Shemeji aliinuka kwa kujikongoja. Alipiga mbili, zote zikapotea hewani. Bata wakatawanyika.

"Sikukusudia," alisema bila kugeuka. "Kaka aliinuka ghafla mbele yangu, na kidole kilikuwa tayari. Naapa, shemeji. Niliogopa watu wataniitaje."

"Na mimi nilikuwa nani, mwaka mzima?"

Huenda shemeji alisema kweli. Fundi hakuwa na njia ya kujua, na hilo lilimtia baridi kuliko maji yaliyojaa viatuni. Alimwamuru aiache bunduki, atangulie.

Walirudi hivyo, yeye nyuma hatua kumi. Walipofika barabarani shemeji akakata kona ya kwake.

"Siyo huko. Kwa baba kwanza, halafu polisi."

Baba mkwe alikuwa barazani anakunywa chai. Aliwaona wakija bila bata hata mmoja, mwanawe mbele, mkwewe nyuma. Akaliangalia koti. Kabla yeyote hajafungua mdomo, aliweka kikombe chini.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, "nilimwambia alichome moto."