Gia ya Tano ya Viraka

Mume wangu ni fundi wa gia, na mwaka mzima tuliokaa mbali alinipenda kwa simu, kwa lugha ya gia. Mimi ni mkunga. Nilihamishiwa hospitali iliyo mwisho wa njia kuu, naye akabaki na gereji yake. Siku ninaondoka aliniapia kwamba hatanifuata kwa basi kama furushi. Atakuja na gari atakalolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Nikacheka, nikamwamini.

Gari lenyewe tuliliita Viraka. Bodi ilikuwa ya gari dogo la marehemu baba mkwe, viti vya gari lililopinduka, injini ya pikapu, na giaboksi ya pikapu hiyohiyo, iliyozoea kubeba magunia. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Gia za kubebea mzigo ni fupi: zina nguvu ya kuondoka, lakini ukifika mwendo wa mia kwenye njia kuu, injini inalia kama mtoto aliyenyimwa ziwa.

"Iko elfu tatu na mia nne," aliniambia jioni moja. "Mizunguko hiyo kwa dakika ni mingi kwa safari ndefu. Nataka gia ya tano iwe ndefu zaidi, injini ishuke mpaka elfu mbili na mia tisa. Itapumua. Mafuta yatapungua. Na mimi na wewe tutaongea njiani bila kupigiana kelele."

"Mimi nilikuuliza umekula nini."

"Nimekula. Sasa sikiliza. Ikiwa ndefu mno, kile kilima cha kabla ya daraja kitaishinda."

"Si utarudisha ya nne? Kwani ya nne ni haramu?"

Akaguna kama nimemtukania mama yake. Kwa mume wangu, gari linaloomba gia ya nne kila likiona mwinuko ni gari la mtu asiyejua hesabu.

Basi akafunga gia ndefu, akaifungua. Akatafuta ya kati. Akaona ya kati ni nzuri ila haiendani na difu, ile gia kubwa ya kwenye ekseli, akabadilisha difu. Difu mpya ikaiharibu gia ya kwanza, gari likawa linaondoka kwa kusitasita, naye akaanza upya. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na methali hiyo nilimsomea mpaka ikachuja. Mabasi yalikuwa yakitoka kwake kuja kwangu kila asubuhi. Sikuyataja. Nilitaka ayataje yeye.

Nilimkumbuka mno, sitaki kudanganya. Nilikumbuka harufu ya grisi kwenye mto, nikakumbuka hata kukoroma kwake, ambako zamani kulinikera. Miezi ya mwanzo nililala upande wangu tu wa kitanda, ule mwingine nikauacha kama kuna mtu. Halafu asubuhi moja nikaamka nimejitandaza katikati, nimelala fofofo, wala sijamwota. Nikaogopa.

Wiki hiyohiyo mkuu wa wodi akaniita. "Dada, naweza kukufanyia nafasi ya kudumu hapa, au niandike uhamisho urudi kwa mumeo. Nipe jibu Jumatatu."

Nikampigia wifi yangu, dada wa mume wangu, anayeuza vipuri mlango wa pili kutoka gereji. Nikamwuliza hiyo gia imefikia wapi.

"Gia gani tena?" akasema. "Wifi, hilo gari limeisha kutengenezwa zamani. Kila Jumapili analiosha, anajaza mafuta, anashika njia. Jua halijawa kali amesharudi, anafungua giaboksi upya. Mimi simwelewi. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, mama. Njoo."

Jumamosi nikapanda basi. Safari nzima nilikuwa napanga maneno, tena makali. Nilimkuta chini ya gari, miguu tu ndiyo iko nje. Nikaigonga soli ya kiatu chake kwa ncha ya changu.

"Leo sipokei kazi," akasema kutoka huko chini.

"Hata ya mkeo?"

Akatoka kwa pupa, akajigonga paji la uso. Alikuwa amekonda. Maneno yangu yote yakanitoroka, nikajikuta namfuta grisi shavuni kwa leso. Kisha hasira ikarudi.

"Washa gari," nikamwambia. "Nipeleke kwangu."

"Sasa hivi? Ya tano bado sijairidhia."

"Washa!"

Tukatoka mjini. Njia kuu ikafunguka, akaingiza ya tano. Injini ikashusha sauti, ikatulia, nikawa nasikia upepo kwenye kioo. Ilikuwa gia nzuri. Hata mimi nisiyejua kitu nilijua ni nzuri, na kwamba imekuwa nzuri kwa muda mrefu. Kilima cha kabla ya daraja tulikipanda kwa ya nne, na hakuna aliyekufa.

Mazungumzo aliyoniahidi hayakuanza. Sasa hapakuwa na kelele ya kujifichia.

"Kila nikifika njia kuu naogopa," akasema mwishowe. "Naona nitabisha hodi, utafungua, utaniangalia kama mgeni. Narudi, nalifungua tena. Maadamu gari ni bovu, mimi bado niko njiani kuja."

Nikaangalia barabara.

"Umeshazoea kukaa bila mimi?" akauliza.

"Nimezoea," nikamwambia, na machozi yakaanza kunitoka. "Nilipojiona nimezoea ndipo nikapanda basi."

Akajifuta macho kwa mkono uleule wenye grisi.

"Huko kwako," akauliza, "magari yanaharibika gia?"

Nikamwambia yanaharibika kila siku. Jibu la Jumatatu nikawa nalo.