Kimanga cha Mama Tryphena

Mama Tryphena alikuwa amelala kwenye kitanda cha dirishani kwa muda mrefu bila kuomba kitu. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na hata uji aliunywa ili tu kumridhisha bintiye, Teresia. Bintiye huyo alikuwa ameacha shamba huko Mghange milimani akaja kukaa kwa jamaa hapa Voi, apate kushinda na mama yake wadini.

Basi alasiri moja mgonjwa akafumbua macho, akaomba aketishwe, akawatazama wenzake mmoja mmoja kama mtu aliyerudi kutoka safari.

"Teresia," akasema, "hizi chakula za hospitali zimenichosha. Nataka kimanga."

"Cha mihogo ama cha viazi?"

"Viazi. Na maharagwe ya shamba langu, si haya ya sokoni. Haya ya sokoni yanamaliza kuni bure."

Mama wa kitanda cha pili akadakia, "Na sisi tutaonja?"

"Wewe utapata. Kimanga ni cha kupondwa, hakitaki meno."

Wadi nzima ikacheka, na Shanice akacheka nao. Shanice alikuwa muuguzi mgeni, sare yake bado ina mikunjo ya dukani. Tangu aanze kazi alikuwa amesaidia kufunika watu wengi kuliko aliowaona wakirudi kwao kwa miguu yao. Kila jioni alifika kwake Mwatate, akaweka mkoba chini, akakaa kitandani na viatu. Alikuwa anamtaka huyu mmoja apone. Alipompima presha akaona imepanda vizuri kutoka chini ilikokuwa, moyo wake ukawa mwepesi.

Teresia alisimama mlangoni akisitasita. "Sista, niende ama nikae? Nikipanda Mghange leo, kurudi ni kesho."

"Nenda, dada. Si umemwona mwenyewe? Kapike, ulale kwako japo mara moja. Lakini usitie chumvi. Hata kidogo. Moyo wake hauitaki."

"Bila chumvi atanitukana."

"Wacha atukane. Akianza kutukana, ujue amepona."

Teresia akacheka, akarudi kumkunjia mama yake leso, akaenda.

Asubuhi Shanice alimkuta Mama Tryphena anahema kama aliyepanda mlima mbio. Akamwinua, akamwekea oksijeni, akamwita daktari. Walipokuwa wanamngoja, mgonjwa akamshika mkono.

"Teresia amefika?"

"Yuko njiani, mama."

Hakujua hata kama Teresia ametoka nyumbani. Lilimtoka tu. Mgonjwa akaitikia kwa kichwa, akageukia mlango, akawa anautazama. Daktari alifika, wakahangaika naye wote, kisha daktari akaacha.

Sista Ndanu, mkuu wa wadi, akavuta pazia. Walimsafisha pamoja. Mwishowe Ndanu akauliza, "Mtu wake yuko wapi? Jana alikuwa hapa."

"Nilimruhusu aende nyumbani. Mama alikuwa ameamka vizuri, akaomba kimanga."

Ndanu akaacha kitambaa ndani ya beseni. "Mgonjwa wa hivi, aliyelala siku zote hizo, akiamka ghafla anataka chakula cha kwao, huyo anaaga; usimruhusu mtu wake atoke getini. Sijui kwa nini huwa hivyo. Lakini huwa."

"Hatukufundishwa, sista."

"Hata mimi sikufundishwa." Akakamua kitambaa. "Mpigie simu. Usimwambie kwa simu. Mwambie aje, na aje na mtu mzima. Akifika, ukitaka, nitaongea mimi. Na hayo ya kumruhusu si lazima ayasikie. Mwambie ni mipango ya Mungu, inatosha."

Shanice akapiga simu akiwa ameegemea kabati la dawa.

"Sista!" Sauti ya Teresia ilikuwa na furaha, na nyuma yake jogoo anawika. "Ameniulizia, sivyo? Mwambie nimeshaponda, kimebaki kufungwa tu."

"Dada... njoo. Njoo na mtu."

"Mtu wa nini? Hotpoti ni moja, nitabeba mwenyewe."

Simu ikakatika, na Shanice hakujua nani aliyeikata.

Teresia alifika peke yake, hotpoti imefungwa kwa leso, ameikumbatia kifuani. Aliona pazia kabla ya kumwona mtu yeyote. Ndanu alianza kumwendea, lakini Shanice akamtangulia.

"Mama ametuacha, dada. Asubuhi hii."

Teresia hakulia. Alitafuta mahali pa kuweka hotpoti, akaiweka juu ya kabati la mama yake lililokuwa nje ya pazia, akaisukuma mbali na ukingo isianguke.

"Aliniulizia?"

"Alikuulizia. Nikamwambia uko njiani, akawa anautazama mlango." Shanice angeweza kuishia hapo. "Na mimi ndiye niliyekuambia uende. Sikujua dalili za kuangalia. Mwenye kujua angekuzuia."

"Nilikuuliza," Teresia akasema polepole. "Nilisimama pale mlangoni nikakuuliza, niende ama nikae."

"Uliniuliza."

"Mimi nilikuwa naponda viazi. Yeye anaangalia mlango, mimi naponda viazi."

Akaingia nyuma ya pazia, na hapo ndipo walipomsikia. Mama wa kitanda cha pili alijifunika shuka mpaka kichwani.

Alipotoka, shemeji yake wa hapa Voi alikuwa amefika kushughulikia mambo ya mochari. Teresia alipita mbele ya Shanice bila kumtazama. Shanice akamfuata na hotpoti mkononi.

"Dada, umesahau."

"Sijasahau. Kuleni. Siwezi kupanda nacho tena kule." Akafika mlangoni, pale pale aliposimama jana, akaongeza bila kugeuka, "Hotpoti ni yake. Utairudisha siku ya mazishi. Uilete wewe mwenyewe."

Shanice akagawia wadi kimanga, kama ilivyoahidiwa. Mama wa kitanda cha pili alipokea chake akakiweka mapajani, asile. Kilichobaki Shanice alikwenda nacho kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango, akakaa juu ya kreti, akafungua hotpoti.

Kilikuwa bado cha moto. Viazi vilikuwa vimepondwa laini kabisa, maharagwe yameiva mpaka yamefunguka. Akatia tonge mdomoni, akalikalisha hapo muda mrefu.

Hakikuwa na chumvi hata kidogo.