Kiti Kilichomla Shangazi

Mwaka ulikuwa elfu mbili na ishirini, wakati wa masika. Mvua ilinyesha karibu kila siku, shule zilikuwa zimefungwa, na watu wote walikuwa wameagizwa wakae majumbani. Fundi makochi alilitii agizo hilo bila taabu, kwa sababu karakana yake ilikuwa imekwisha kuhamia sebuleni. Mwenye banda alilokuwa akifanyia kazi alilitia kufuli jipya, akamwambia avumilie mpaka ugonjwa upite, kisha naye akaenda kwao. Basi meza ya kukatia, cherehani, magunia ya sponji na fremu za viti vikapangwa sebuleni, na jamaa wa nyumba ile wakajifunza kupita ubavuubavu.

Jamaa wenyewe walikuwa wanne. Wa kwanza kwa cheo alikuwa binti wa miaka miwili na nusu, aliyeitwa Mkaguzi. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa kuwa hapakuwa na kitu chenye mfuniko, mlango au mfuko ambacho hakukifungua, akakichungulia, akatikisa kichwa, na kwenda zake bila kukifunga. Wa pili alikuwa mdogo wake wa kiume, aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka. Ndugu walikuwa bado wanajiandaa kuja kumtazama, mara safari zikapigwa marufuku. Kwa hiyo walimwona kwenye simu tu, na kwenye simu alionekana pua. Huyo aliitwa Mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini huyu alikuwa ameingia mwezi wa tano hajashika hata kijiko, na bado yeye ndiye aliyewapangia wenyeji saa za kula na kulala.

Wa tatu alikuwa mama yao, mpokea simu wa idara ya maji. Ofisi ilimpa kompyuta na visikilizio, ikamwambia afanyie kazi nyumbani. Kutwa aliwasikiliza watu walioagizwa wanawe mikono kila mara, na ambao mabomba yao yalikuwa makavu. Aliwajibu kwa upole, mtoto akiwa titini, na baadhi yao walimwambia, "Mnyonyeshe kwanza, mama. Maji nimeyasubiri tangu juzi, wewe nitashindwaje kukusubiri?"

Wa nne alikuwa Fundi mwenyewe, naye alikuwa na deni.

Deni hilo halikuwa la fedha. Jumapili moja, baada ya chakula, alimwambia mkewe kwamba anaunyoosha mgongo kidogo tu. Akaunyoosha mpaka jua likazama. Mkewe alibaki na Mkaguzi mguuni, Mgeni mgongoni, na vyombo vyote vya siku ile kwenye beseni. Fundi alipoamka, uso wake umejaa mikunjo ya mto, aliuliza, "Mbona hamkuniamsha?"

Swali hilo halikumsaidia.

"Umelala mchana mzima," mkewe alisema. "Haya. Na mimi nitautaka wangu."

"Utaupata, mama watoto. Jumapili ijayo."

Jumapili iliyofuata palikuwa na viti vya mteja mwenye haraka. Iliyofuata hiyo, Mgeni alishikwa na mafua. Iliyofuata tena, Fundi alisahau kwamba ni Jumapili, kosa ambalo mwaka ule lingeweza kumpata yeyote. Mkewe hakugomba. Aliacha tu kumwita baba watoto, akawa anamwita Mdaiwa. "Mdaiwa, nisogezee chumvi." "Mdaiwa, mwanao ameingia kabatini." Watu husema kukopa harusi, kulipa matanga, hawasemi kwamba matanga yenyewe hukaa nawe mezani na kukuomba chumvi.

Hatimaye Jumapili moja ilitajwa, ikaapiwa. Ijumaa ya kabla yake Fundi alikuwa akikimaliza kiti cha Mwalimu, bibi mstaafu aliyeishi peke yake mtaa wa pili. Katika kazi hiyo Fundi alikuwa na mtindo wake. Mafundi wengine waliijaza mikono ya kiti kwa sponji tupu. Yeye, chini ya sponji, alishindilia vipande vya vitambaa, ili kiwiko kizame kidogo kisha kishikwe. Mtoto wake alikuwa msaidizi. Baba alisema, "Kiti kina njaa," naye Mkaguzi alichukua kipande kutoka katika sanduku la mabaki, akamtilia baba mkononi na kusema, "Kula, kiti." Hiyo ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kumkalisha sebuleni bila kuikagua pasi.

Sasa, Mkaguzi alikuwa na Shangazi. Shangazi halisi, dada yake Fundi, alikuwa amewatembelea kabla Mgeni hajazaliwa, akaacha blauzi iliyochanika. Fundi aliikata mkono mmoja ili afutie mafuta ya cherehani, mtoto akaunyakua kabla haujaguswa na mafuta, akaupeleka puani. Tangu hapo mkono huo wa blauzi uliitwa Shangazi, na bila Shangazi puani, Mkaguzi hakulala.

Ijumaa jioni kiti kilipelekwa kwa Mwalimu, na Ijumaa hiyo hiyo Shangazi akatoweka. Walimtafuta chini ya vitanda, ndani ya viatu, ndani ya ndoo. Yaliyofuata mpaka Jumapili hayana haja ya kusimuliwa. Itoshe kusema kwamba jirani wa ukuta wa pili alihamishia kitanda chake jikoni.

Jumapili, baada ya chakula, mama alisimama mlangoni mwa chumba, macho mekundu kama ya mtu aliyekuwa akipuliza moto.

"Naingia kulala," alisema. "Nyumba ikiungua, niamsheni mkishaizima."

"Lala, mama watoto. Niachie mimi."

"Na huyu akilia kama jana, Mdaiwa, deni linaanza upya." Akaufunga mlango.

Fundi akabaki na watoto. Mgeni alikuwa ameshiba. Mkaguzi alikuwa ameanza kulisugua sikio lake la kushoto. Kila mtu wa nyumba ile alizijua dalili: likisuguliwa sikio moja, usingizi uko njiani, yakisuguliwa mawili, umefika, na ukifika bila kumkuta Shangazi, mtaa mzima utapata habari.

Fundi alimpa kitambaa cha pamba. Mkaguzi alikinusa, akakirudisha. "Si Shangazi."

Akampa cha mahameli. "Si Shangazi."

"Basi Shangazi yuko wapi, mama?"

"Kiti."

Hilo alikuwa amelisema tangu Ijumaa, na viti vyote vya nyumba vilikuwa vimekwisha kupinduliwa. Fundi alichuchumaa. "Kiti gani? Nionyeshe."

"Kiti kina njaa," alisema Mkaguzi.

Fundi akakaa sakafuni. Aliikumbuka Ijumaa ile: simu sikioni, Mwalimu akimuuliza kiti kitafika lini, na mkono wake mwingine ukiwa wazi nyuma yake, unapokea, unashindilia, unapokea, unashindilia.

"Ulikilisha kiti Shangazi?"

"Nimekiazima Shangazi tu," alisema Mkaguzi, na mdomo wake wa chini ukaanza kujitokeza.

Fundi hakupoteza wakati. Alimfunga Mgeni kifuani kwa shuka, akamvika Mkaguzi viatu vya mvua, akatia mfukoni mkasi, bisibisi na sindano iliyopinda, akavaa barakoa, na wote wakatoka kwa kunyata. Mlango aliuvuta kwa upole mkubwa. Kitasa kililia "tak", na hapo ndipo alipoukumbuka ufunguo. Ulikuwa kwenye msumari, upande wa ndani, mahali alipoutundika yeye mwenyewe ili Mkaguzi asiufikie.

Alilifikiri jambo hilo muda mfupi, kisha akaenda zake. Msiba wa pili husubiri zamu.

Mwalimu alikuwa dirishani. Alikuwa amemfundisha Fundi kusoma, na tangu ugonjwa ulipoingia hakuwa amemruhusu mtu yeyote kuvuka kizingiti chake. Alipowaona, alilifungua dirisha, akatoa nje rula ndefu ya ubaoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Rudi nyuma. Rula haijakufikia, lakini pumzi yako imefika."

Fundi akarudi nyuma. "Mwalimu, samahani sana. Naomba nikifungue kiti chako."

"Kina kasoro?"

"Hakina. Ila ndani yake yumo shangazi wa mtoto huyu."

Mwalimu alimtazama kwa utulivu. "Nimemkalia tangu juzi."

"Ni kipande cha nguo, Mwalimu. Mtoto hulala nacho."

"Ungeanza na hilo. Hata darasani ulipenda kuanzia katikati." Akakigeukia kiti. "Yumo mkono upi?"

"Sijui."

"Naomba awe wa kushoto. Mkono wa kulia naupenda. Tangu tufungiwe humu, ndicho kitu pekee kilichonishika kiwiko."

Fundi alitazama viatu vyake. Mwalimu alikisukuma kiti mpaka barazani, akarudi ndani, akakomea mlango, akafunga dirisha na kukaa nyuma ya kioo.

Fundi alipiga magoti, akang'oa pini za mkono wa kushoto, akakunja kitambaa, akainua sponji, akatoa vipande kimoja baada ya kimoja. Mkaguzi alivinusa vyote kwa zamu. Shangazi hakuwamo. Fundi alivirudisha, na alipokuwa akishona aliona kwa pembe ya jicho kwamba mtoto anasugua masikio yote mawili.

Wakati huo huo Mgeni, kifuani pa baba yake, aligundua dirisha. Watu wa nje aliowahi kuwaona walikuwa macho na barakoa. Huyu wa nyuma ya kioo alikuwa na mdomo, mashavu na kidevu, vyote pamoja. Mgeni aliukodolea uso huo kwa makini kama mtu asomaye mkataba, kisha akacheka kwa ufizi wote.

Mwalimu akaiweka rula chini. Akalifungua dirisha upana wa kidole.

"Anacheka nini huyo?"

"Hajamzoea mtu mwenye mdomo, Mwalimu."

"Anaitwa nani?"

"Tunamwita Mgeni."

"Mmekosea. Hapa mgeni ni mimi." Akalifunga dirisha. Lakini alikisogeza kidevu chake karibu na kioo, ili kitazamwe vizuri.

Fundi aliufungua mkono wa kulia. Alitoa kipande cha mahameli, kipande cha gunia, kipande cha pazia; na chini kabisa, umekunjwa kama barua, ulikuwapo mkono wa blauzi. Mkaguzi aliupokea, akaunusa, akatikisa kichwa juu na chini. Kwa kadiri baba yake alivyomjua, lilikuwa jambo la kwanza kupasi ukaguzi wake.

"Haya, asante Mungu. Twende, mama."

Mkaguzi hakwenda. Alikuwa akilichungulia tundu alimokuwa Shangazi.

"Kiti kina njaa," alisema.

"Kimeshiba. Vimebaki vingi humo."

"Hakijashiba."

Fundi alijipapasa. Hakuwa amebeba hata kipande kimoja. Mawingu yalikuwa yakishuka, Mgeni alikuwa ameanza kulitafuta titi mahali ambapo hapakuwa na titi, na nyumbani pale palikuwa na mtu ambaye kila dakika ya usingizi wake ilikuwa mali. "Nitakiletea kesho," alisema, kwa sauti ile ile aliyozoea kuahidi nayo Jumapili.

Mkaguzi alimtazama. Kisha akakaa kwenye sakafu ya baraza, akavua kiatu kimoja cha mvua, akavuta soksi yake mpaka ikatoka, akaitia ndani ya tundu na kuisukuma kwa kiganja.

"Kula, kiti."

Fundi akashona juu yake. Mshono ule aliukaza kuliko yote aliyoishona mwaka huo.

Walipokwisha kusimama mbali, Mwalimu alitoka, akakaa kitini mwake hapo hapo barazani, akaegemeza kiwiko cha kulia. Alisikiliza kidogo, kama mtu anayeonja.

"Ina unyevunyevu," alisema.

"Itakauka, Mwalimu."

"Sikulalamika. Mwambie aniazime na ya pili siku mguu wake ukizidi kiatu. Na Jumapili mkipita, mpitishe huyu Mgeni hapa dirishani. Sitamgusa."

Mvua iliwakuta njiani. Mkaguzi alilala begani pa baba yake kabla ya kufika kona, Shangazi puani, mguu mmoja mtupu. Fundi alifika mlangoni kwake, akainua mkono abishe, akauona mkono wenyewe umeinuka, akaushusha.

Upande wa pili wa mlango palikuwa kimya. Hata kompyuta ya idara ya maji ilikuwa kimya.

Chini ya upenu, kwa kukosa nafasi sebuleni, palikuwa na kochi ambalo hakuwa amelimaliza: mbao na springi tupu, bila sponji. Fundi alijishusha juu yake polepole. Springi moja ilimpokea pajani, nyingine ubavuni. Alimlaza Mkaguzi upande mkavu, akamtia Mgeni kidole chake kidogo kinywani. Mgeni alikinyonya, akakiona hakina kitu, akakisamehe, akalala.

Jirani alitoa kichwa dirishani mwa jiko lake.

"Fundi! Umefukuzwa?"

Fundi alitikisa kichwa.

"Sasa si ubishe mlango, bwana? Mnalowa!"

Fundi aliweka kidole kwenye barakoa yake. "Nalipa," alinong'ona.

"Unalipa nini, na nani anayelipwa kwenye mvua?"

Matone yalikuwa yamehamia upande wa miguu, Fundi akaitoa yake nje ya upenu kuwapisha watoto, na ule mguu mtupu wa binti yake akaufunika kwa kiganja. Jumapili ile alipolala yeye, aliamka jua likiwa limezama. Jua la leo, kama lilikuwako nyuma ya mawingu yale, lilikuwa bado juu. Springi ya ubavuni ilimkumbusha kwamba hajafika hata nusu. Akajiweka sawa juu yake, akaendelea kulipa.