Orodha ya Siku Kumi na Moja

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye aliyeniombea kazi kwenye kampuni yao ya programu za kompyuta. Kwa miaka miwili alikuwa ameandika peke yake programu ya duka la dawa la hospitali, akiitunza kwenye mafolda yenye majina ya kuchekesha: "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho haki ya Mungu". Nilipoingia, nikamfundisha Git, mfumo wa kutunza matoleo ya programu, ili kila badiliko likae kwenye ghala moja la pamoja, likiwa na jina la aliyelifanya. "Hapa kitu hakipotei," nilimwambia. Akaniamini.

Mwezi uliofuata alikaa siku kumi na moja na mfamasia, mama mmoja mwenye sauti ya upole, wakiandika dawa zisizopaswa kutolewa pamoja. Alhamisi mchana akaituma orodha hiyo ghalani.

Saa tisa nami nilitaka kutuma kazi yangu. Ghala likakataa: kuna kazi ya mwenzako, ichukue kwanza. Nilikuwa nimechelewa kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu, begi tayari begani. Nikalazimisha. Amri moja fupi, ikapita, nikaondoka zangu.

Asubuhi shemeji akaniita. "Shemeji, kwangu inagoma. Inasema mimi na ghala hatuelewani."

"Futa folda, ushushe upya," nikamjibu bila hata kugeuza shingo.

Akafuta, akashusha. Orodha haikuwemo. Nilijua papo hapo: kazi yangu ilikuwa imekaa juu ya yake na kuifuta, na nakala iliyobaki kwenye mashine yake nilikuwa nimemwambia mwenyewe aifute.

"Nitakuwa sikuituma," alisema, akijishika kichwa. "Mikono yangu mizito hii."

Kinywa nilikifungua. Mkuu wetu akaingia, nikakifunga. Shemeji akapewa barua ya onyo, akahamishwa kupokea simu za wateja. Mimi nikapewa programu yote, na pongezi juu.

Nilijiambia nitasema Jumatatu. Jumatatu ikapita, na nyingine ikapita.

Siku moja nilipita mezani kwake. Alikuwa na daftari, anaandika kwa kalamu kila alichobonyeza: saa, dakika, kitufe. Mtu aliyekuwa akipiga mluzi akifanya kazi.

"Siku hizi sijiamini," alisema, akitabasamu kwa aibu. "Labda kichwa kimeanza kuchoka. Na nina miaka thelathini na nne tu."

Jioni hiyo nilimweleza mume wangu. Alisukuma sahani pembeni. "Ulimwacha ndugu yangu ajione mjinga?"

Kesho yake nilimwita shemeji kwenye chumba cha mikutano. "Orodha uliituma. Niliifuta mimi kwa kulazimisha. Nimejua tangu asubuhi ile."

"Asubuhi ile ile?"

"Ndiyo."

"Nilipokuwa najilaumu, ulikuwa umekaa hapo?"

"Nilikuwa hapo, shemeji. Nisamehe."

Akanyanyuka, akaenda kwa fundi wa mitambo anayelitunza ghala. Nikamfuata. Fundi akachungulia, akatikisa kichwa. "Kazi iliyofutwa hivyo hubaki wiki mbili, ndipo ghala linajisafisha lenyewe. Hii ina siku kumi na tano. Mbona hamkuja mapema?"

Shemeji akageuka, akarudi kwenye simu zake. Heri angenitukana.

Nilikwenda mwenyewe kwa mkuu, nikamweleza yote. Barua ya shemeji ikafutwa, yangu ikaandikwa, na programu akarudishiwa. Nikaomba kitu kimoja tu: orodha niirudie mimi.

"Yule kijana mcheshi yuko wapi?" mfamasia aliniuliza.

"Yupo, mama. Kazi yake niliipoteza mimi, ndiyo maana nimekuja mimi."

Akavaa miwani, akavuta kitabu kinene. "Haya, tuanze na za moyo."

Tulimaliza siku ya kumi na tatu. Safari hii nilichukua kwanza kazi mpya ya shemeji iliyokuwa ghalani, nikasoma mstari kwa mstari, kisha nikamwita aangalie kabla sijatuma.

"Niweke jina lako?" nikamuuliza. "Ilikuwa yako."

"Yangu ilipotea, shemeji. Hii weka lako."

Akavuta kiti, akaanza kuikagua, dawa baada ya dawa. Nilibaki nimesimama nyuma yake mpaka alipofika ya mwisho.