Aliyechaguliwa ni Evelina

Barua ilisema Evelina Masalu amechaguliwa kwenda Ujerumani kwa miezi sita, akakae na wanafunzi viongozi kutoka nchi kumi na moja. Shule nzima ilimpigia makofi mstarini. Mimi niliposikia nilikaa kitako, maana binti wa marehemu dada yangu haitwi Evelina. Anaitwa Tereza Malimi. Hilo jina lingine nilimvisha mimi.

Ngojeni nieleze, kisha mnihukumu. Tereza alifanya mtihani wa darasa la saba kule Magu wiki ileile mama yake alipokuwa anakata roho. Akafeli. Kurudia la saba hairuhusiwi, lakini sisi walimu njia tunaijua, na anayebisha ni mwongo. Unatafuta mtoto aliyeacha shule lakini jina lake bado limo kwenye rejista, unampa mwingine alitumie. Katika darasa langu la saba pale Busisi, nilikofundisha wakati huo, alikuwepo Evelina Masalu, mtoto mpole wa kukaa nyuma, ambaye mama yake alimchukua wakahamia machimboni Geita bila kuaga. Nikamwambia Tereza kuanzia leo ukiitwa Evelina, itika.

Akaitika. Akafaulu la saba, akapata daraja la kwanza kidato cha nne, na kidato cha tano wenzake wakamchagua kuwa kiranja mkuu katika sekondari moja ya mjini. Nilijisifu sana kwa watu, sifichi.

Sasa programu ilitaka pasipoti, na pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa. Nikampeleka mwenyewe kwenye ofisi ya vyeti Nyamagana, amevaa sare iliyopigwa pasi. Karani akaangalia kompyuta yake, kisha akatuangalia sisi. Akasema Evelina Masalu, wa baba huyo na mama huyo, alishachukua cheti chake mwaka jana, na alikuja na mtoto mgongoni.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "mrudishe binti nyumbani. Leo sijawaona."

Nilitamani anifokee. Angenifokea ningejibu kitu, hata cha kijinga. Nilikusanya karatasi zangu nikamshukuru.

Kwenda kwa jina la Tereza haikuwezekana. Aliyechaguliwa ni Evelina, matokeo ni ya Evelina, na kumweleza mkuu wa shule ukweli ni kumfutia mtoto masomo yake yote tangu kidato cha kwanza. Mwisho wa kupeleka nakala ya cheti kwa watu wa programu ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Ijumaa hiyo asubuhi nikamchukua Tereza, tukavuka daraja kwenda Busisi, ambako nilisikia Evelina amerudi. Nilikwenda kumwomba atuazime cheti. Ndiyo, kuazima, kama mtu anayeomba sufuria kwa jirani.

Tulimkuta karibu na gati la zamani, anakaanga dagaa. Tangu daraja lifunguliwe abiria wa kivuko wamekwisha, na wateja wake nao. Mtoto wake wa kike alikuwa amekaa kwenye kipande cha gunia. Evelina alinitambua mara moja, akainuka, akanifutia kiti kwa kanga yake.

"Shikamoo, mwalimu."

Niliitikia marahaba, na sauti yangu mwenyewe ikanichukiza. Nikamweleza yote: rejista, mtihani, Ujerumani. Tereza alisimama nyuma yangu akitazama chini.

Evelina alisikiliza huku akigeuza dagaa. Nilipomaliza, akasema mwaka jana alisikia kwamba wasichana waliozaa wanaruhusiwa kurudi shule. Alikwenda kuomba amalizie la saba. Wakamwambia Evelina Masalu alishafaulu zamani, yuko sekondari Mwanza, aache utani. Ndipo akahangaika mpaka akapata cheti cha kuzaliwa, akawapelekea. Hawakutaka hata kukishika.

Nilitaka kumwomba radhi. Nikatazama saa. Hata wakati ule, Mungu anisamehe, nilitazama saa. Ilikuwa saa sita na nusu.

"Cheti siwapi, mwalimu," akasema, bila ukali wowote. "Jina langu mmeshalisomea. Likipanda na ndege, mimi nabaki na nini?"

Tereza akanishika mkono, akasema, "Mama mdogo, tuondoke. Tusimsumbue." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Nilijua hapo hakuna safari tena, na kwamba hakuna mlango mwingine wa kwenda kubisha. Miaka kumi na tisa nimefundisha watoto wa watu, na hao wawili sikuwa na la kuwasaidia.

Tulikuwa tumeshageuka Evelina alipotuita. Alikuwa anaitazama beji kwenye sweta la Tereza, ile yenye jina.

"Eti," akamwuliza taratibu, "hesabu nilipata ngapi?"

Tereza alinitazama kwanza mimi. Kisha akamjibu kwamba alipata A.

Evelina akatabasamu. Akaepua karai, akamwinua mwanawe kutoka kwenye gunia, akamwambia kwamba mama yake alipata A ya hesabu.